Nilikaa kimya saa nzima Sekei: vikundi vya wanaoacha ulevi na unga vinavyofanya kazi



Ukitaja "unga" hapa Arusha, mgeni atadhani unaongelea Unga Limited, ule mtaa uliopata jina kutokana na kiwanda cha kusaga nafaka. Nyie mnaosoma hapa mnajua unga mwingine ninaousema. Na kama sio unga, basi ni gongo. Kama sio gongo, ni zile "mbili tatu za kupunguza mawazo" kila jioni, mpaka kazi inaondoka, mke anaondoka, mawazo yenyewe yanabaki palepale. Viroba vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, lakini kiu haikusoma lile tangazo.

Karibu kila mmoja wetu ana mtu wake. Mimi nina mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo. Ameshaombewa, ameshafungiwa ndani, ameshapelekwa kijijini kwa bibi akachunge ng'ombe, ameshachapwa na wajomba. Kila mara anatoka mzima, anakaa mwezi, anarudi kijiweni. Nikaambiwa kuna kikundi Sekei, wanakutana watu walioacha na wanaotaka kuacha. Kabla sijamwambia dogo "nenda pale", nikataka nijue pale ni wapi na humo ndani wanafanya nini hasa. Wanaombewa? Wanapewa dawa? Ni dini mpya? Nikaomba kwenda kuangalia tu. Naandika kwa faida ya mwingine mwenye mtu wake, au ambaye huyo mtu ni yeye mwenyewe.

UNAINGIAJE KAMA WEWE SIO MRAIBU?

Vikundi hivi, popote duniani, vina mikutano ya aina mbili. Kuna mkutano wa wenyewe tu, yaani wenye tatizo la kunywa au kutumia. Huo mtu mwingine haingii, hata awe daktari, mchungaji au mama mzazi. Halafu kuna mkutano wa wazi, ambao ndugu, jirani, mwanafunzi wa ustawi wa jamii au mtu yeyote mwenye nia njema anaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Mimi niliingia kwenye huo wa wazi, na niliomba kwanza.

Masharti niliyopewa ni mafupi:

1. Simu inazimwa. Sio kuwekwa mtetemo, inazimwa.
2. Hakuna kuandika, kurekodi wala kupiga picha.
3. Ukimuona mtu unayemfahamu, hukumuona. Ukikutana naye kesho Kilombero sokoni unamsalimia kama siku zote. Akitaka kulitaja, atalitaja yeye.
4. Mgeni hachangii mada. Unasema jina lako la kwanza, unasema umekuja kusikiliza, basi.
5. Mgeni hatoi hela.

Hilo la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Arusha tunaiita jiji lakini kwa umbea ni kijiji. Mtu akionekana anaingia mahali pa "mateja", jioni shemeji yake anajua, na wiki ijayo bosi wake anajua. Ndiyo maana niliambiwa wapo wanaopanda daladala kutoka Usa River na Ngaramtoni kuja kukaa Sekei wasikojulikana, wakati mtu wa Sekei anaweza kuamua kwenda mbali na Sekei kwa sababu hiyohiyo. Mtu amelipa nauli ili asijulikane, halafu wewe uje umtaje? Haiwezekani.

Kwa hiyo msitegemee stori ya mtu. Yaliyosemwa ndani yamebaki ndani. Ninachoweza kueleza ni utaratibu, pamoja na maneno ya jamaa mmoja aliyeniruhusu nje, baada ya mkutano, bila jina.

SAA MOJA INAVYOKWENDA

Sekei wengi mnaipata: unashuka barabara ya Moshi, pande za Sanawari na Hoteli ya Mount Meru, unapanda juu kuelekea mlimani. Chumba sikitaji. Viti vya plastiki kwa duara, chupa mbili za chai, na ile baridi ya Julai inayoshuka na ukungu wa Meru. Watu kama kumi na tano hivi. Nilitegemea kuona watu wamesinzia huku wameinama kama tunavyowaona vijiweni. Nikaona koti la bodaboda, kitenge, shati la ofisini, na chalii wa rika langu amevaa jezi. Yaani ukiwakuta kwenye daladala husemi kitu.

Anayeongoza sio kiongozi wa kudumu, ni zamu. Anafungua kwa kimya kidogo, halafu dua fupi ya kuomba utulivu. Baada ya hapo watu wanapokezana kusoma vikaratasi vilivyochakaa vinavyoeleza kikundi ni nini na kinafuata nini. Kisha kila mtu anajitambulisha: "Naitwa fulani, mimi ni mraibu." Wote wanajibu: "Karibu, fulani." Mwingine anasema mlevi, mwingine mraibu, hakuna anayesahihishwa.

Ndipo mazungumzo yanaanza. Mmoja anaongea dakika chache: alikuwaje, kilitokea nini, yukoje leo. Akimaliza wanamshukuru. Anaanza mwingine. Hakuna anayemkatiza, hakuna anayeuliza swali. Asiyetaka kusema anasema "leo nasikiliza", na anapita.

Kuna muda wa kuhesabu siku. Kwenye vikundi vya NA, wale wa dawa za kulevya, wana vishikio vya funguo vya rangi: cheupe cha kumkaribisha mgeni, cha chungwa siku 30, kijani siku 60, chekundu siku 90, na mwaka mmoja kinachong'aa gizani. Pale Sekei siku ile havikuwepo, kulikuwa na makofi tu. Na nikaona kitu: mwenye siku chache alipigiwa makofi marefu kuliko mwenye miaka. Baadaye nikaelezwa kwamba zile siku za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote, na kila aliyekaa pale anazikumbuka za kwake.

Kofia ikapita ya kuchangia chai na kodi ya chumba. Ilipofika kwangu, jirani yangu aliirusha juu ya magoti yangu bila hata kuniangalia. Sababu ni kanuni: wanajitegemea wenyewe, hela ya nje hawachukui, ili asitokee mtu wa nje wa kuwaamrisha. Fikiria hapa kwetu, mji wa semina na miradi, kitu kinachoendeshwa bila mfadhili, bila bango, bila mgeni rasmi na bila posho. Nilishangaa kuliko yote niliyoyaona.

Katikati ya mkutano kuna mtu aliinuka akatoka. Hakuna aliyemvuta shati. Mmoja alitoka polepole akasimama naye nje. Kiti chake hakikuondolewa.

KWA NINI HAKUNA ANAYEMSHAURI MWENZAKE?

Hili lilinisumbua mwanzoni. Sisi tumelelewa kwamba mtu akisema shida yake lazima umpe neno. Pale mtu anamwaga makubwa, na jibu ni "asante" tu.

Yule jamaa alinieleza tukiwa tunashuka kuelekea Sanawari. Alisema wakati anatumia, kila mtu alikuwa na ushauri kwake: baba, mchungaji, balozi wa nyumba kumi, mpaka konda wa daladala. Ushauri wote ulikuwa wa kweli na wote alikuwa anaujua. Ambacho hakuwahi kukisikia ni mtu kumwambia "hata mimi". Siku ya kwanza alipomsikia mtu mwingine akieleza jinsi alivyouza simu ya mama yake halafu akasaidia kuitafuta nyumba nzima, alitaka kukimbia, maana ni yeye yule. Hakukimbia. Amekaa.

Nadhani hapo ndipo kazi yote ilipo. Ukimshauri mlevi, umesimama juu yake, na yeye ameshazoea kusimamiwa, ana majibu yake tayari. Ukimwambia yako, unakaa naye kiti kimoja. Na anayesema ndiye anayetibiwa zaidi. Akisema kwa sauti mbele ya watu wanaoujua uongo wote, hana wa kumdanganya.

ILIANZIA WAPI?

Mwaka 1935, Marekani. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Akasafiri kwa biashara hadi mji wa Akron, jimbo la Ohio, dili likafa, akabaki hotelini peke yake na baa inamwita. Badala ya kuingia baa akaanza kupiga simu kutafuta mlevi mwingine wa kuongea naye. Akaunganishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekuwa ameshindwa kuacha miaka mingi. Wakaongea masaa. Bill hakwenda kumwokoa daktari, alikwenda kujiokoa mwenyewe asinywe siku ile. Daktari alikunywa kwa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inahesabiwa kuwa mwanzo wa AA, yaani Alcoholics Anonymous, walevi wasiotajwa majina. Kitabu chao chenye zile hatua 12 kilitoka mwaka 1939. Mwaka 1953 huko California, Jimmy Kinnon na wenzake wakaanzisha NA, Narcotics Anonymous, kwa ajili ya dawa za kulevya. Leo AA pekee iko kwenye nchi zipatazo 180.

Kwetu njia hii imepata nguvu sana Zanzibar, kwenye "soba hausi", ambazo serikali inaziita nyumba za upataji nafuu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, vijana wa Unguja waliowahi kutumia unga wenyewe walianza kuendesha nyumba ambazo mtu anakaa miezi, anaamka mapema, anafanya usafi, anahudhuria mikutano ya hatua 12 kila siku. Baadaye nyumba za namna hiyo zikaenea na bara. Kwa hiyo anayesema "hayo ni mambo ya wazungu" mwambie yana asili ya huko, ndiyo, lakini wanaoyaendesha Unguja ni watoto wa hapahapa.

HATUA 12 KWA LUGHA YA MTAANI

Nazifupisha kwa maneno yangu. Hatua tatu za mwanzo: kubali umeshindwa, amini ipo nguvu kubwa kuliko wewe, kabidhi usukani. Hatua za nne hadi ya saba: jikague kama mwenye duka anavyokagua mali, mwambie mtu mmoja ukweli wote, kuwa tayari kubadilika. Ya nane na ya tisa: andika uliowaumiza, nenda ukatengeneze, isipokuwa pale ambapo kwenda kwako kutawaumiza zaidi. Ya kumi na ya kumi na moja: endelea kujikagua na kusali au kutafakari. Ya kumi na mbili: mpelekee mwingine.

Ni dini? Mungu anatajwa, lakini kila mtu anabaki na wake. Nilikaa kati ya mwenye baraghashia na mwenye rozari. Hakuna sadaka ya fungu la kumi, hakuna kubatizwa. Na sharti la kuwa mwanachama ni moja tu: uwe na hamu ya kuacha. Hata kama jana ulitumia.

Kuna pia sponsa, yaani mwenzako aliyetangulia siku nyingi zaidi ambaye unaweza kumpigia saa nane usiku arosto au tamaa ikikushika. Halipwi. Yeye mwenyewe ana wa kwake.

INAFANYA KAZI KWELI?

Tuweke namba mezani. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, ulitoa uchambuzi wa tafiti 27 zenye watu 10,565 kuhusu AA na tiba zinazomwelekeza mtu huko. Baada ya mwaka mmoja, watu wapatao 42 kati ya 100 walioelekezwa njia hiyo walikuwa hawanywi kabisa, ukilinganisha na 35 kati ya 100 waliopata tiba nyingine za ushauri.

Soma namba hizo kwa pande zote mbili. Kitu cha bure, kinachoendeshwa na walevi wenyewe, kinashindana na wataalamu na kuwazidi kidogo. Hilo ni kubwa. Lakini pia zaidi ya nusu walikunywa tena. Hakuna uchawi. Na hizo ni tafiti za pombe, usizihamishie kwenye unga moja kwa moja.

AMBACHO KIKUNDI HAKIWEZI

Hapa naomba msome taratibu, maana hapa watu wanakufa.

Moja: mnywaji mkubwa wa kila siku akikata pombe ghafla anaweza kutetemeka, kupata degedege, kuona vitu visivyokuwepo, na anaweza kufa. Kumfungia chumbani "mpaka itoke" ni hatari. Aanzie hospitali. Kutoka Sekei, Hospitali ya Mount Meru haiko mbali.

Mbili: arosto ya unga inatesa sana, ila hatari kubwa zaidi inakuja baadaye. Mtu aliyekaa wiki kadhaa bila unga, iwe jela, kijijini au soba, mwili wake umeshasahau kipimo cha zamani. Akirudi na kupiga kile alichokuwa anapiga, anaweza kuacha kupumua. Ndugu wanashangaa, "mbona alikuwa ameshapona?" Ndiyo hapo. Zile wiki za kwanza baada ya kutoka ndizo za kumwangalia kwa karibu.

Tatu: kwa waraibu wa unga ipo methadoni, dawa ya maji inayonywewa kliniki kila siku mbele ya mhudumu. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, na baadaye huduma ikafika hospitali nyingine za serikali, Dar na mikoani. Ni bure. Vikundi vya NA vinalenga mtu asitumie kitu chochote, kwa hiyo mtu wa methadoni anaweza kukuta hahesabiwi kuwa "klini", na sehemu nyingine ataombwa asikilize tu. Hayo ni mambo yao ya ndani. Wewe usiache dawa ya hospitali kwa sababu mwanakikundi kakwambia. Kikundi hakina daktari, na wenyewe wanasema hivyo.

KAMA WEWE NI NDUGU

Ndugu nao wana vikundi vyao. Al-Anon ilianza mwaka 1951, na mmoja wa waanzilishi ni Lois, mke wa yule Bill wa Akron. Wazo lao ni kwamba anayeishi na mlevi naye anaumwa: analipa madeni yake, anamdanganyia kazini, anakesha akimsubiri, mwisho maisha yake yote yanazunguka chupa ambayo hainywi. Hakuna anayemtaka amfukuze ndugu yake. Anachotakiwa ni kuacha kumbebea matokeo yake yote na kuacha kujilaumu.

Nilichojifunza pale Sekei kuhusu kumpeleka mtu ni hiki: huwezi. Unaweza kumwambia siku, saa na mahali. Unaweza kumpa nauli kwa kumlipia konda mwenyewe, sio kumshikisha mkononi, mnanielewa. Unaweza kumsindikiza mpaka mlangoni. Kuingia ataingia mwenyewe. Dogo nimemwambia hivyohivyo, na nimemwambia sitamuuliza ndani kumesemwa nini. Mpaka leo hajaenda. Niliwauliza wenyewe nifanye nini zaidi, na jibu la wengi lilikuwa kwamba walisikia habari za kikundi muda mrefu kabla ya kufika. Kwa hiyo kumwambia mtu hakupotei bure, hata akikujibu matusi.

Ukitaka msaada na hujui uanzie wapi, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Pia ofisi ya ustawi wa jamii kwenye hospitali ya wilaya au mkoa itakuelekeza. Na mkutano wa wazi ukiusikia mahali, omba uende hata kama huna mtu. Zima simu, kaa, sikiliza. Saa moja tu.

Naomba kuwasilisha. Mwenye uzoefu, awe wa Arusha, Unguja, Mombasa au popote, tuandikie hapo chini. Ila majina ya watu na chumba wanachokutania msitaje. Maoni yatakayotaja jina la mtu yatafutwa.